Sajenti Mwidani na Minazi Tisa

Kila askari aliyepita mikononi mwa Sajenti Mwidani Boga ana sindano mfukoni. Mimi ninayo mpaka leo, imechomekwa kwenye kipande cha kitambaa na uzi wa kijani umezungushiwa juu yake. Mke wangu Mueni huniuliza kama naogopa kuachwa, ndiyo maana natembea na vifaa vya kujishonea. Namwacha acheke. Yeye hakuwahi kusimama kwenye gwaride la asubuhi akiwa amekosa kifungo kimoja mbele ya mtu yule.

Niliripoti kambini kwetu, upande wa Likoni, mwanzoni mwa mwaka wa 1983. Nilikuwa nimetoka Kitui, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mrefu, mkaidi, nikijiona nimejua kila kitu kwa kuwa nimemaliza mafunzo ya ukuruta. Sajenti wa platuni yetu alinitazama kuanzia bereti hadi buti, akanizunguka, akarudi mbele. Nilingojea matusi, maana huko mafunzoni matusi ndiyo yaliyokuwa salamu. Yeye aliniuliza taratibu vifungo vyangu vimeshonwa na nani. Nikasema fundi wa mjini. Akaking'oa kimoja kwa vidole viwili, akaniwekea kiganjani, akaniambia nirudi kikiwa mahali pake, na fundi asikiguse. Nilijidunga mara nne. Nilipompelekea alikitazama, akakivuta, kikatoka tena. Akasema, "Anza tena." Mara ya tatu ndipo kilipokaa.

Alikuwa mtu mfupi, mnene kidogo, na masharubu aliyoyapunguza kwa mkasi kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Tulikuwa tukisema masharubu yale yana cheo chake peke yake. Alizaliwa hapo hapo Likoni, kwa wakulima wa Kidigo wenye mihogo, mikorosho na minazi, na mambo ya sindano alifundishwa na mama yake aliyekuwa akishona kofia za mkono. Baba yake alitaka abaki shambani. Mwidani akajiandikisha jeshini mwaka wa 1966 kwa sababu moja, na hakuona haya kuitaja: alikuwa amechoka kukwea minazi. Mwenyewe alisema alikimbia minazi akaenda kulala na bunduki. Sasa sikieni jinsi minazi ilivyomfuata.

Namna yake ya kutushika haikuandikwa katika kitabu chochote cha jeshi. Chakula alikula wa mwisho, na siku sufuria ikiisha kabla hajafikiwa, hakusema kitu, ila mpishi ndiye aliyetokwa na jasho. Kila mwisho wa mwezi alitukalisha kila mtu aandike barua kwao, hata kama ni mistari mitatu. Mmoja wetu alipomtukana mama muuza mihogo kule kivukoni, tulidhani atamtia mahabusu ya kambi. Kumbe Sajenti alivua sare, akavaa kanzu, akamchukua yule askari mpaka kwa yule mama, akamwamkia kama mtoto, akaomba radhi yeye kwanza. Kisha askari akaketi kwenye kibao akamenya mihogo asubuhi nzima huku wateja wakimtazama. Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya fujo za jaribio la mapinduzi la themanini na mbili, na raia wakiona sare walivuka barabara. Baada ya siku ile wauza mihogo hawakuvuka tena.

Lakini nitasema na ubaya wake pia, maana sitaki kumpaka mafuta. Sajenti Mwidani akikasirika hakupiga kelele. Alinyamaza. Wiki nzima hakusemeshi, hakutazami, amri zako anampa msaidizi wake, Koplo Wafula, akuletee, kama vile umekufa na nafasi yako haijajazwa. Wallahi, afadhali mahabusu. Kwa kuogopa ukimya ule tulijifunza kumficha mambo. Tulificha makosa madogo, kisha tukazoea kuficha.

Mwaka wa 1984, mwezi wa pili, jua la kaskazi likiwa kali kweli kweli, tulitoka kwa mazoezi ya siku tatu ng'ambo ya Shika Adabu. Hilo ni jina la mahali hapo Likoni, msidhani nawatania. Somo la siku ya kwanza lilikuwa kuficha magari yasionekane kutoka juu. Ilipofika saa tisa na nusu Sajenti akatupa amri: tukate majani, tufunike malori mawili, atakaporudi asione hata taa. Kisha akaenda kuswali alasiri kwenye msikiti wa jirani.

Mbele yetu palikuwa na shamba dogo, na pembeni yake minazi michanga tisa, haijazidi kimo cha mtu aliyesimama juu ya bega la mwenzake. Makuti ya pembeni yalikuwa makavu, magumu. Katikati, kule juu, palikuwa na machipukizi laini, yanakunjika vizuri. Koplo Wafula, ambaye kwao ni Bungoma, alisita. Akauliza kama miti haitaharibika. Mimi ndiye niliyemjibu. Nikasema kwetu Kitui mti ukikatwa kichwa hutoa matawi mengi kuliko ya kwanza, kwa hivyo tunamsaidia mwenye shamba. Nilisema kwa sauti, nikitaka wote wasikie ninavyojua. Nikapanda begani mwa mwenzangu, nikakata wa kwanza. Wengine wakafuata, na kwa muda wa nusu saa malori yalikuwa yamefunikwa, hata sisi wenyewe tulijipongeza.

Sajenti aliporudi hakuyatazama malori. Alisimama mbele ya ile minazi, mikono imening'inia. Mnazi una kichwa kimoja tu. Ukiukata, hautoi tawi, hautoi chipukizi, unabaki gogo linalongoja kuoza. Mtoto yeyote wa Likoni anajua. Katika sisi thelathini hapakuwa na mtoto wa Likoni hata mmoja.

Mwenye shamba alitoka nyumbani kwake, mama wa makamo aliyejifunga leso mbili, jina lake Bi Mwanamkasi. Hakulia. Sajenti alimwamkia shikamoo, naye badala ya kuitikia akamuuliza, "Wewe si mwana wa Boga?" Akasema ndiye. Yule mama akamwambia minazi ile ilipandwa na marehemu mumewe mwaka aliofariki, na mwaka huu ndio ingeanza kuzaa. Sajenti akaingia naye ndani, wakakaa kitambo kirefu. Sisi tulibaki nje, tumesimama na mapanga yetu.

Alipotoka alitupanga mstari mmoja. Akasema aliyeanza asogee hatua moja mbele. Hakuna aliyetikisika. Akasema tena. Nilihisi kovu langu la shingoni, nililolipata utotoni kwa waya wa zizi, likiniwasha kwa jasho. Nilifikiria baba yangu aliyekitangazia kijiji kizima kwamba mwanawe ni askari. Zaidi ya hapo nilifikiria ule ukimya. Akasema mara ya tatu, sauti ileile, na wenzangu ishirini na tisa wakatazama mbele kwa ajili yangu. Nami nikatazama mbele.

Sajenti alitikisa kichwa, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeona kitu alichokuwa amekitafuta mahali pengine. Akatuamuru turudi kazini.

Tuliporudi kambini alimwambia Koplo Wafula amshtaki. Wafula alidhani hakusikia vizuri. Jeshini mtu anayeshtakiwa huingizwa ofisini kwa kamanda akiwa hana bereti wala mkanda, anatembezwa mbio mbio kushoto kulia, na aliyekuwa akituingiza sisi hivyo siku zote ni Sajenti mwenyewe. Asubuhi hiyo zamu ya utarishi mlangoni ilikuwa yangu. Alikuja akatembea hadi niliposimama, akavua mkanda, akavua bereti, akanikabidhi mimi nimshikie. Ndani ya bereti, kwenye bitana, sindano yake ilikuwa imechomekwa. Kisha Wafula, sauti ikimkatika, akampigia kushoto kulia mpaka ndani.

Mlango haukufungwa, nami nilisikia yote. Meja Erastus, kamanda wetu, hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yaishe haraka. Alisema ni miti tu. Sajenti akajibu kwamba ni miti tisa ya mjane, na amri ya kukata ilikuwa yake. Yeye ni mtoto wa hapa, akadhani kila mtu anajua ajuacho yeye, akaenda zake bila kueleza wapi pa kukata na wapi si pa kukata. Meja akaguna. Nikasikia karatasi zikisogezwa.

"Mwidani, barua yako ya kuwa sajenti mkuu iko hapa mezani. Nipe jina moja tu la aliyekata, niendelee nayo."

"Sina jina la kukupa, afande."

"Watu thelathini, na huna jina?"

"Kosa langu ni hilo pia, afande. Watu thelathini, na hakuna aliyethubutu kuniambia."

Nilikuwa nimeishika bereti yake kwa mikono miwili. Ningeweza kuingia. Ilikuwa hatua tatu tu kutoka pale nilipokuwa mpaka mbele ya meza. Nimezihesabu hatua hizo miaka mingi baadaye, kila nilipopita mlango ule.

Barua haikuendelea. Aliandikiwa karipio, na usajenti mkuu ukapita ukamkuta mwingine. Ombi alilolitoa lilikuwa moja: platuni yake iruhusiwe kwenda kwa Bi Mwanamkasi kila Jumamosi asubuhi, ing'oe magogo, ipande miche mipya masika yakianza, na iitunze mpaka ishike. Meja akakubali, nadhani kwa haya.

Basi tukawa wakulima. Tulichimba mashimo tisa yenye kina cha kiuno, tukatia samadi na majivu, tukapanda nazi zilizochipua ambazo Sajenti alizitoa shambani kwao. Watu watatu au wanne kwa kila mche, na wa tisa ulikuwa wake peke yake. Mkewe, Mwanasaumu, alikuja siku ya kwanza kutazama, akasema hajawahi kuona mtu akitoroka shamba la baba yake kwa miaka kumi na minane kisha akarejea na watu thelathini. Sajenti alijifanya hakusikia.

Bi Mwanamkasi naye hakutusamehe upesi. Alitupikia mihogo ya nazi kila Jumamosi, na kila Jumamosi alipotupakulia alisema, "Kuleni wanangu. Nazi hii nimenunua." Tulikula tumeinamisha vichwa. Lakini kufikia kiangazi cha pili alikuwa ameipa miche majina yetu, na tukifika alitupa habari zake kama za watoto shuleni. Wafula ametobolewa na mdudu mwenye pembe, tumtie mchanga kwenye makwapa. Mutua, yaani mimi, anakunywa maji sana lakini hakui, ni mrefu wa bure. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Kuna jambo jingine lililoanza baada ya siku ile. Ukimya wa Sajenti uliisha. Badala yake, kila jioni kabla ya kutuvunja gwarideni, alitusimamisha kwa mapumziko akauliza, "Leo mimi nimekosea wapi?" Wiki ya kwanza tulidhani ni mtego. Wiki ya tatu kijana mmoja akathubutu kusema kwamba amempa zamu mbili mfululizo. Sajenti akatazama daftari lake, akasema kweli, akamwomba radhi mbele ya wote. Siku zilizofuata midomo ikafunguka. Askari aliyevunja kioo cha lori alikuja mwenyewe kabla ya chai. Aliyechelewa kutoka likizo alisema ukweli, akapewa adhabu yake, akaifanya akipiga mbinja. Makosa katika platuni yetu yalipungua mpaka platuni nyingine wakasema tumerogwa na Wadigo. Hatukurogwa. Tulikuwa tumechoka kuficha.

Ila mimi. Kila jioni swali lile lilipoulizwa, jibu langu sikulitoa. Nilikuwa askari mzuri, nasema bila kujisifu. Nilipata tepe moja, nikapata ya pili, niliwafunza wadogo kushona. Kila nilipomwagilia ule mche wenye jina langu nilisema kesho. Mwaka wa 1989 Sajenti alistaafu akiwa sajenti vilevile, akarudi kwao. Siku ya kumuaga alitupita mmoja mmoja akitupapasa mfuko wa shati kuona kama sindano ipo. Aliponifikia alinitazama kidogo zaidi ya wengine. Nikampigia saluti. Hilo ndilo nililoweza.

Mwaka wa 1991, mwezi wa nane, siku ya Alhamisi, nilikabidhiwa bahasha yenye tepe tatu. Jumatatu ningesimama gwarideni nikiwa sajenti, mbele ya platuni ileile aliyoiongoza yeye. Ijumaa yote nilikaa kitandani, shati kwenye magoti, uzi umeshapita tunduni, na mkono haukuanza. Nitawaulizaje wale vijana nimekosea wapi? Nilijiona mwizi aliyevaa kofia ya mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda kwa Bi Mwanamkasi. Alikuwa ametuma salamu kwamba minazi imezaa, na anayetaka haki yake aje. Ilikuwa imesimama yote tisa, mirefu kuliko mimi mara mbili, madafu yamejazana shingoni. Mama yule alikuwa amezeeka, lakini ulimi ulikuwa uleule. Alinikatia dafu la mnazi wangu, akasema hatimaye Mutua amefanya kazi. Sikuweza kunywa. Nikamwambia pale pale nimesimama kwamba mimi ndiye niliyeanza, mimi ndiye niliyewaambia wengine kwamba miti itatoa matawi.

Hakushtuka. "Mwanangu, mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni. Nilikuona. Nilimwambia Mwidani siku ileile, nikamwambia ni yule mrefu mwenye kovu shingoni."

Alijua. Sajenti alijua kabla hajatupanga mstari, kabla hajauliza mara ya kwanza. Alijua aliponikabidhi bereti yake. Meja alipotaka jina moja, jina alikuwa nalo, na usajenti mkuu ulikuwa mezani mbele yake. Nililia, na sioni haya kusema. Bi Mwanamkasi aliniacha nilie, kisha akanisukumia dafu, akasema ninywe niende, njia naijua.

Nilimkuta Sajenti uani kwake, amevaa shuka na fulana, anachambua nazi za kupanda. Mwanasaumu alinikaribisha, akaniona uso, akaingia ndani. Sikumwamkia kwanza, jambo ambalo siku nyingine lingenipatia adhabu. Nilivua mkanda, nikavua bereti, nikasimama wima mbele yake.

"Sajenti, ni mimi niliyeanza kukata."

Aliweka chini nazi aliyoshika. Masharubu yalikuwa meupe sasa, yamepunguzwa vilevile.

"Umechelewa gwaride, Mutua," akasema. "Lakini umefika."

Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema angenitaja, ningekuwa nimekamatwa tu, na mtu aliyekamatwa hujifunza kutokamatwa tena. Alitaka nije kwa miguu yangu. Nikamwambia ilimgharimu cheo. Akacheka, akasema masharubu yake yalipandishwa zamani, hilo lilimtosha. Kisha akaacha kucheka, akakiri kwamba miaka ya kwanza iliuma, kwamba wako walioanza jeshi nyuma yake ambao aliwapigia saluti, na kwamba kila Ijumaa aliniombea dua nisichelewe sana.

Akaiona bahasha kwenye mfuko wangu. Alinyoosha mkono, akazitoa tepe tatu, akazigeuza geuza juani.

"Una sindano?"

Nilikuwa nayo. Nilivua shati, nikaketi kwenye kibao mbele yake, nikashona mkono wa kwanza kwa utulivu niliokuwa sijaupata tangu Alhamisi. Nilipomaliza nikampa. Alilisogeza shati karibu na macho, akalinyoosha juu ya goti, akapima kwa kidole. Halafu akaivuta ile tepe kwa vidole viwili mpaka uzi ukakatika wote.

"Imepinda," akasema. "Anza tena."

Nikaanza tena.